SOMO JUU YA BATRI YA MOTOKARI INAYOKUFA MARA KWA MARA



Pengine mtu atauliza: kitabu cha mambo ya shamba kina habari gani na batri ya motokari? Jibu ni hili. Viazi vya Ulaya vikilimwa vizuri, vikichimbwa kwa wakati wake na kutiwa katika magunia, kisha motokari ikikataa kuamka asubuhi ya soko, viazi vile hubaki barazani, huanza kuchipuka na kuoza. Jibini ya Masisi haingoji. Mchele na mafuta ya mawese ya Walikale hungoja kidogo zaidi, lakini mwenye mali hangoji, ana watoto wa kulipia shule. Tena motokari ile ile ndiyo inayombeba mama mwenye uchungu usiku mpaka hospitali. Ikilala yenyewe, vijiji vitatu au vinne vinalala pamoja nayo.

Basi leo tusome jambo moja: batri ikifa mara kwa mara, tafuta kwanza kinachoila, mbele ya kununua nyingine, na mbele ya kumshitaki mtu.

Nitawaeleza habari iliyotokea upande wa milima, kati ya Mushaki na Masisi, mwezi wa kumi mwaka wa 2019, wakati wa mvua. Chama kimoja cha wakulima kilikuwa na motokari ndogo ya mizigo, ya mazutu, yenye batri moja ya volti 12. Asubuhi moja shofere alizungusha ufunguo, ikasema tik, tik, ikanyamaza. Watu wakasukuma. Nchi yetu ni nchi ya vilima, ukisukuma hatua kumi inateremka yenyewe. Injini ikawaka, wote wakacheka, wakaenda sokoni. Juma lile lile ikafa tena. Wakasema: batri imezeeka. Wakauza mbuzi wawili, wakanunua batri mpya Goma. Siku nane ikafanya kazi vizuri kabisa. Siku ya tisa ikafa.

Hapo maneno yakageuka. Chama kilikuwa na kijana mlinzi aliyelala ghalani karibu na motokari. Watu wakasema: huyu anatoa batri usiku, anatia umeme katika simu za watu na kupokea fedha, alfajiri anairudisha mahali pake. Jambo la namna hii hutendeka kweli, hasa karibu na machimbo, ambapo watu ni wengi na umeme hakuna. Kwa hiyo hawakutafuta ushuhuda. Kijana alikana, akalia, wakamfukuza, na mshahara wake wa mwezi wakauzuia. Siku ya tano baada ya kuondoka kwake, batri ikafa tena.

Ndipo waliponiita mimi. Hawakuniita kwa sababu najua motokari, kazi yangu ni umonitere wa kilimo. Waliniita kwa kuwa nilikuwa na mita ndogo ya umeme, tuliyoitumia kwa paneli ya jua ya ghala la mbegu.

Sasa tuelewe batri ni kitu gani. Mfaransa Gaston Planté alitengeneza batri ya namna hii mwaka wa 1859, na hata leo maana yake haikubadilika: ni mabamba ya risasi yaliyotiwa ndani ya maji yenye asidi kali. Batri ya volti 12 ina vyumba sita, na kila chumba kinatoa volti 2 na kitu kidogo juu yake. Ndiyo maana batri iliyojaa na kupumzika usiku kucha haionyeshi 12 kamili katika mita, inaonyesha 12.6 au 12.7. Ikionyesha 12.2 imebaki nusu. Ikionyesha 12.0 imebaki robo tu. Chini ya hapo usiitumainie kuamsha injini.

Ifikiri batri kama mtungi wa maji nyumbani. Asubuhi demarere, yaani ile mashini inayozungusha injini ipate kuwaka, inachota maji mengi kwa mara moja. Kisha injini ikizunguka, alteneta (ile dinamo inayovutwa na mkanda) inarudisha maji mtungini. Ukikuta mtungi mtupu asubuhi, yafaa kuuliza maswali matatu. Je, mtungi wenyewe umepasuka? Je, jana hakuna aliyekwenda mtoni? Au kuna mtu aliyekunywa usiku? Watu wengi huuliza lile la kwanza tu, kwa sababu fundi anayeuza batri hulipenda zaidi.

Maswali mawili ya kwanza hayachukui muda. Anza na vichwa vya batri. Vikiwa na unga mweupe au wa kijani, au kibanio kikicheza ukikitikisa kwa mkono, umeme haupiti vizuri, nawe utadhani batri ni mbaya kumbe ni nzima. Safisha kwa maji ya moto na magadi, kausha, kaza. Pangusa na uso wa batri juu, maana uchafu wenye unyevu huvuta umeme kidogo kidogo kutoka kichwa kimoja hadi kingine. Kisha tazama maji ya ndani, kama batri yako ni ya kufunguliwa. Katika joto la Walikale maji hupungua upesi kuliko Masisi. Maji yafunike mabamba. Ongeza maji ya batri yanayouzwa, yaliyosafishwa kwa mvuke. Usitie maji ya chemchemi wala ya mto, na maji yaliyopita juu ya mabati usiyatie pia, yana chuma na vitu vingine vinavyoharibu mabamba. Asidi usiiongeze kamwe: kinachopungua kwa joto ni maji, asidi hubaki.

Angalia sana: batri inapopokea umeme hutoa hewa inayoweza kulipuka. Usiwashe kiberiti kutazama maji ndani yake, wala sigara usiwe nayo karibu. Asidi ikiruka machoni, osha kwa maji mengi bila kuacha, kisha nenda hospitalini.

Sasa amsha injini na kuweka mita juu ya vichwa viwili. Wakati demarere inapozungusha, mita ikianguka chini ya 9.6, na batri ilikuwa imejaa, basi batri ni mgonjwa kweli. Injini ikiisha kuwaka, mita ipande mpaka 13.8 au 14.4 hivi. Ikibaki 12, alteneta hairudishi kitu. Tazama mkanda wake kwanza, mara nyingi umelegea tu. Kuna mashofere wa zamani wanaong'oa waya wa batri wakati injini inazunguka, waone kama itaendelea. Usifanye hivyo. Umeme wa alteneta huruka juu na kuunguza vitu vya thamani.

Motokari ya chama ilishinda majaribu haya yote. Batri mpya ilikuwa nzima, na alteneta ilitoa 14.1. Basi likabaki swali la tatu: nani anakunywa usiku?

Hapa tufanye hesabu kidogo, msiogope. Juu ya batri ile waliandika 70 Ah. Maana yake ni kwamba inaweza kutoa ampere moja kwa muda wa saa 70 hivi, au ampere mbili kwa saa 35. Ili kujua taa inakula ampere ngapi, gawanya wati zake kwa 12. Taa ndogo ya ndani yenye wati 5 inakula ampere 0.4. Usiku mmoja wa saa 10 imekula 4 katika 70, asubuhi motokari inawaka bila neno. Lakini motokari ikisimama juma zima kwa sababu barabara imekatika, taa hiyo hiyo ndogo imekula 67, na umebaki na mtungi mtupu. Taa mbili kubwa za nyuma za wati 21 zinakula ampere 3.5 pamoja. Saa 12 zikipita zimekula 42. Kinachobaki ni 28, na asubuhi ya baridi ya Mushaki, mafuta ya injini yakiwa mazito, 28 haitoshi.

Motokari iliyolala huruhusiwa kula kidogo sana, kwa ajili ya saa yake na kumbukumbu ya redio: ampere 0.02 mpaka 0.05. Zaidi ya hapo kuna mwizi, naye si lazima awe mtu.

Namna ya kumtafuta ni hii. Zima kila kitu, toa ufunguo. Acha mlango wa shofere wazi ili ufikie sanduku la fyuzi, lakini bonyeza kwa kamba au kipande cha mti kile kitufe cha mlango kinachowasha taa ya ndani, ama sivyo utamkamata mwizi uliyemwasha mwenyewe. Motokari mpya zenye akili ya kompyuta huchelewa kulala. Ngoja nusu saa. Kisha ondoa waya wa kichwa chenye alama ya kutoa (−). Huo ndio huondolewa kwanza siku zote na kurudishwa mwisho, kwa sababu ufunguo wa chuma ukigusa mwili wa motokari hapo hakuna cheche. Chukua taa ya motokari ya wati 5 yenye nyaya mbili. Waya mmoja ushike kichwa cha batri, wa pili ushike ule waya ulioondoa. Sasa kila tone la umeme linalotoka lazima lipite katika taa hii. Ikiwaka kwa nguvu, mwizi ni mkubwa. Ikiwaka kama kaa la moto linalokufa, ni mdogo. Isipowaka kabisa, tumia mita upande wa ampere, maana mwizi mdogo sana hawezi kuwasha taa. Mita ikiwa imefungwa hapo, usiguse demarere hata kidogo, itaungua.

Taa ikiwaka, nenda kwenye fyuzi, vile vipande vidogo vyenye kiwaya ndani, kila kimoja kikilinda sehemu yake. Ng'oa moja, mwenzako atazame taa. Ikiendelea kuwaka, irudishe mahali pake pale pale, ng'oa ya pili. Usizing'oe zote kwa pamoja. Mfugaji mwenye mbuzi kumi na maharagwe yanayoliwa usiku hafungi mbuzi wote usiku mmoja, kwa maana maharagwe yatapona naye hatajua ni yupi. Anafunga mmoja mmoja. Fyuzi itakayozima taa ndiyo yenye mwizi. Kwenye kifuniko cha sanduku imeandikwa ni fyuzi ya kitu gani.

Fyuzi zote zikiisha na taa bado inawaka, tazama vitu visivyopitia fyuzi hizo. Katika njia zetu hivyo ni vingi: redio kubwa iliyofungwa na fundi wa kando ya barabara moja kwa moja kwenye batri, waya wa kuchaji simu, taa ya kupakilia mizigo usiku. Panya nao wakikaa karibu na ghala la mahindi hutafuna nyaya mpaka shaba zigusane. Mwisho ni alteneta yenyewe: ndani yake mna milango midogo inayoruhusu umeme kwenda upande mmoja tu, na mmoja ukiharibika umeme hurudi nyuma usiku. Toa kabisa waya wa (−) pamoja na taa ya kujaribia, fungua waya mnene wa alteneta, uzungushie mpira usiguse chuma, kisha rudisha taa ya kujaribia. Isipowaka tena, umempata.

Haya yote niliyajua kwa kusoma, nami nikayatenda kwa motokari ya chama siku ya Jumapili mchana, watu wakisimama kuzunguka. Taa haikuwaka. Mita ilionyesha 0.02. Hakuna mwizi. Watu wakatazamana, na mzee mmoja akasema, "Bwana monitere, ulivyo hivyo mwizi atakuja lini, wakati amekwisha kufukuzwa?" Niliona haya. Lakini kosa langu sikuliona siku ile. Kosa lilikuwa hili: mbele ya kuanza kazi, niliomba motokari ioshwe, nje na ndani, nipate kufanya kazi pasafi.

Nilimpa shofere daftari, kama lile tunaloandikia mvua katika kipimo chake. Kila jioni aandike: leo tulikwenda wapi, mvua ilinyesha au hapana, nani aliendesha, motokari imelala wapi, mita imeonyesha ngapi. Na kila asubuhi aandike mita tena. Alinung'unika juma la kwanza, kisha akazoea. Baada ya majuma matatu tuliketi na daftari. Asubuhi nne batri ilikuwa imekufa. Asubuhi zote nne zilifuata siku ya mvua, motokari imerudi kutoka upande wa Sake na magunia, matope mpaka dirishani. Siku za jua haikufa hata moja. Na mara mbili katika nne, usiku ule motokari ilikuwa imewekwa ndani ya ghala na mlango umefungwa kwa kufuli.

Watu wakasema: basi mvua inaingia katika batri. Si hivyo. Mvua hunyesha juu ya motokari zote za Kivu. Lakini sasa tulijua usiku wa kumvizia.

Siku ya mvua iliyofuata nilifika jioni. Nikakataza mtu asiioshe motokari wala asiiguse. Tukasubiri nusu saa gizani, tukafunga taa ya kujaribia. Ikawaka yote, nyeupe, kama imefungwa kwenye batri yenyewe. Shofere akaanza kung'oa fyuzi. Ya kwanza, inawaka. Ya pili, inawaka. Ya saba ikazima. Tukaleta kurunzi kusoma kifuniko: STOP. Ni fyuzi ya zile taa nyekundu za nyuma zinazowaka shofere akikanyaga breki. Taa hizi huwaka hata kama ufunguo umetolewa.

Shofere akasema haiwezekani, hakuna taa inayowaka nyuma. Akairudisha fyuzi, tukatoa taa ya kujaribia na kurudisha waya wa (−) mahali pake. Tulizunguka nyuma. Motokari ililala kila siku mkia wake ukigusa ukuta wa ghala, ili magunia yashushwe bila shida. Taa mbili za nyuma zilikuwa zimepakwa matope mazito kama ukuta wa nyumba. Nilipangusa kwa kiganja, na mwanga mwekundu ukatoka katikati ya vidole vyangu.

Sababu ilikuwa chini ya mguu wa shofere. Kanyagio la breki lina chemchemi ya kulirudisha juu, na hapo juu mna kitufe kidogo: kanyagio likirudi na kukibonyeza, taa zinazima. Chemchemi ilikuwa imechoka. Siku ya jua ilikuwa na nguvu ya kutosha. Siku ya mvua viatu vilileta matope, yakashika kwenye bawaba ya kanyagio na kukauka, nalo likabaki chini kwa upana wa ukucha mmoja. Breki haikushika, shofere hakusikia kitu, lakini kitufe hakikubonyezwa. Nililiinua kanyagio kwa ncha ya kiatu, na taa zikazima. Siku ya Jumapili tulikuwa tumeyaosha matope yale kwa ndoo mbili za maji.

Chemchemi mpya ilinunuliwa kwa bei isiyofika ya kuku mmoja. Tangu siku ile shofere hupangusa taa za nyuma kila jioni, na mbele ya kwenda kulala husimama nyuma ya motokari akaangalia gizani. Motokari ikilazimika kukaa siku nyingi, kama inavyotokea kwa wenzetu wa Walikale barabara inapokatika, huondoa waya wa (−) kabisa.

Batri ya zamani, ile iliyosemwa imezeeka, ilikuwa imeuzwa kwa bei ndogo kwa mwenye duka. Heri aliinunua nzima na kuijaza, kuliko wale wanaovunja batri ili kupata risasi: risasi ni sumu, huharibu akili za watoto wadogo, na asidi ikimwagwa shambani huunguza mimea na kuharibu udongo. Mwenye duka bado alikuwa anawasha taa tatu kwa batri ile miezi mingi baadaye.

Habari ya kijana mlinzi ilikuwa ngumu zaidi. Kamati ya chama iliketi, ikakubali kosa, ikaandika katika daftari kwamba hakuiba. Lakini yeye alikuwa amekwenda Rubaya kuchimba koltani. Walimtuma mtu kumwita. Kijana akajibu kwamba habari ameisikia, anashukuru, lakini hatarudi kulala katika ghala lile. Mshahara wake wa mwezi mmoja walimpelekea mama yake, pamoja na gunia la viazi, wakalipakia katika motokari ile ile.